Ngano Mikononi mwa Watoto



Tarehe 15 Oktoba 2005, Mwaka wa Ekaristi ulipokuwa unaelekea kufungwa, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alikutana katika Uwanja wa Mtakatifu Petro na umati mkubwa wa watoto waliokuwa wamepokea Komunyo ya Kwanza mwaka ule. Watoto walimwuliza maswali, naye akawajibu papo hapo. Mmoja wao alimweleza kwamba katekista wake amemfundisha kuwa Yesu yumo katika Ekaristi, lakini yeye hamwoni, inakuwaje basi? Baba Mtakatifu, mwanateolojia aliyefundisha katika vyuo vikuu kwa miaka mingi, hakumpeleka mtoto yule kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Alimwambia kwamba yako mengi tusiyoyaona na hata hivyo yapo: akili zetu hatuzioni, roho hatuioni, umeme nao hatuuoni, ila twaona kipaza sauti kikifanya kazi na taa zikiwaka.

Swali la mtoto yule ndilo wanalokutana nalo makatekista wetu mwaka hadi mwaka, ingawa watoto wetu, kwa adabu au kwa woga, mara nyingi huliweka moyoni tu. Tumezoea kulitangulia kwa sentensi ya katekisimu. Mtoto huirudia sentensi hiyo, huulizwa tena siku ya mtihani, hujibu bila kukosa neno, kisha huvikwa nguo nyeupe. Sentensi yenyewe ni ya kweli, imepimwa na Kanisa kwa karne nyingi, na hatuna nia ya kuipunguzia hadhi. Lakini anayewahi kumwuliza mtoto swali lile lile kwa maneno mengine, nje ya mpangilio wa kitabu, anajua jinsi kimya kinavyoingia. Kwa hiyo juma hili tumeona vema tutazame historia ya njia nyingine, ambayo imani hupita kwanza mikononi kabla ya kufika ulimini: njia ya kumpa mtoto ngano aipande, aivune, aisage na kuioka, ili siku moja ajue anapokea nini altareni.

Tuanze na suala la umri, kwa kuwa ndilo lililozaa yote. Katika karne za kwanza mtoto mchanga aliyebatizwa alipewa pia Ekaristi, na Makanisa ya Mashariki yanafanya hivyo hadi leo. Upande wa Magharibi desturi hiyo ilififia polepole, na mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ukaagiza kwamba kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua mambo aungame dhambi zake walau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi wakati wa Pasaka. Mtaguso haukutaja idadi ya miaka. Pengo hilo likajazwa na watu, na kadiri nyakati zilivyopita wakalijaza kwa ukali: katika sehemu nyingi za Ulaya watoto walisubirishwa hadi miaka 10, 12, hata 14. Mafundisho ya Wajansenisti, walioiona Komunyo kama tuzo ya watakatifu kuliko dawa ya wanyonge, yalichangia sana kuurefusha ungojeaji huo.

Ndipo akaja Papa Pio X. Tarehe 8 Agosti 1910, kwa idhini yake, idara ya Vatikano iliyosimamia nidhamu ya sakramenti ilitoa hati iitwayo Quam singulari, iliyorudisha umri wa Komunyo ya Kwanza kuwa miaka kama 7, ikizidi au ikipungua kidogo. Tunawaomba wasomaji watazame kwa makini kile ambacho hati hiyo iliwadai watoto. Haikudai waeleze namna mkate na divai vinavyogeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Ilidai wayajue, kwa kadiri ya uwezo wao, mafumbo makuu ya imani, na waweze kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, ili waukaribie kwa ibada inayoupasa umri wao.

Kutofautisha. Neno hili ni jepesi kulitamka, lakini lina mtego ndani yake. Atakayetofautisha mikate miwili sharti kwanza aujue ule mmoja. Mtoto wa mashamba ya Italia mwaka 1910 aliujua: alikuwa ameiona ngano ikivunwa na kumwona mama yake akikanda unga. Mtoto wetu anayeishi kwa ugali, wali na ndizi anaujua mkate wa dukani ulio ndani ya mfuko wa nailoni, na hostia anayoiona kanisani haifanani na mkate huo kwa rangi, kwa umbo, wala kwa ladha. Wengine hudhani hostia imetengenezwa kwa karatasi. Tukimwambia mtoto wa namna hiyo kwamba huu si mkate tena, tunamwambia jambo la ajabu kuliko tunavyodhani, kwa sababu kwake haukuwa mkate tangu mwanzo.

Mababa wa Kanisa hawakuwa na shida hiyo, na hapa inatubidi tupite Afrika ya Kaskazini kabla ya kwenda Ulaya. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba nchini Algeria, aliliongoza jimbo lake hadi kifo chake mwaka 430. Siku ya Pasaka aliwahubiria watu waliobatizwa usiku uliotangulia, ambao walikuwa wameiona altare ikiandaliwa kwa mara ya kwanza, maana siku zile mafumbo hayo yalifichwa kwa wasiobatizwa. Awaeleze nini? Aliwasimulia safari ya punje ya ngano, akiwaambia kwamba safari ile ni yao wenyewe. Walisagwa kwa mfungo na kwa sala za kufukuza pepo. Wakaloweshwa kwa maji ya ubatizo kama unga unavyoloweshwa ili uwe donge moja. Wakaokwa kwa moto wa Roho Mtakatifu. Sasa wamekuwa mkate, basi wautazame mkate ulio altareni na kujiona humo. Wasikilizaji wake walikuwa watu wa nchi iliyoulisha mji wa Roma kwa nafaka zake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kusaga.

Mwafrika mwingine, Mtakatifu Sipriani askofu wa Kartago, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, aliandika barua ndefu kuwapinga watu waliokuwa wakiadhimisha kwa maji matupu bila divai. Katika barua hiyo anaeleza kwa nini maji hutiwa ndani ya divai ya kikombe: divai ni damu ya Kristo, maji ni taifa lake. Yakishachanganyika hayawezi kutenganishwa tena, na hivyo hakuna kitu kinachoweza kulitenga Kanisa na Kristo. Mtaguso wa Trento uliikumbuka maana hiyo mwaka 1562. Tunataja barua hii kwa sababu tone lile la maji litarudi mbele kidogo, mikononi mwa watoto wa miaka 5.

Sasa twende Barcelona. Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870, akahitimu udaktari wa tiba katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Aliyoyagundua humo yanafahamika kwa walimu wetu wa chekechea: kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono, kwamba hupenda kurudia kazi moja mara nyingi kwa utulivu, na kwamba vifaa vikiwa vya kimo chake na vya kweli, si vya kuchezea tu, huwa mwangalifu kuliko tulivyomdhania. Mwaka 1915 msaidizi wake Anna Maria Maccheroni alitangulia Barcelona kuanzisha shule, na Montessori mwenyewe akafuata na kuufanya mji huo kuwa makao yake kwa miaka mingi.

Huko Katalonia wakati ulikuwa umeiva. Mwaka huo huo wa 1915 lilifanyika kongamano kubwa la liturujia kwenye monasteri ya Montserrat, na hati ya Pio X ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Mapadre waliona kwamba watoto wa miaka 7 sasa wanakuja altareni, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana wa miaka 12 haviwafai. Montessori, akisaidiana nao, akawatengenezea watoto kanisa lao dogo: viti vya kimo chao, chombo cha maji ya baraka mahali mkono mfupi unapofika, picha kwenye usawa wa macho yao. Alichokitambua mapema ni kwamba watoto waliozoezwa shuleni kutembea bila kelele, kubeba maji bila kuyamwaga, kuwasha mshumaa, kupanga maua na kukaa kimya waliyakuta matendo yale yale kanisani, ila sasa yakiwa na maana ya juu zaidi. Liturujia ilikuwa inasema lugha ambayo mikono yao imekwisha kuijua.

Kisha wakaenda shambani. Vilitengwa vipande viwili vya ardhi, kimoja cha ngano na kimoja cha mizabibu, na watoto wakakabidhiwa kuvilima, kwa kusudi kwamba mavuno yake yawe mkate na divai ya Misa. Tunaomba tusilipite jambo hili haraka. Ngano si mchicha. Huchukua miezi kadhaa tangu kupandwa hadi suke kukauka, na mzabibu huchukua miaka kabla ya kuzaa vizuri. Mtoto aliyepanda mbegu ilimbidi asubiri, aogope ukame, afukuze ndege, apalilie akiwa amechoka. Baadaye ilimbidi akate masuke, afunge miganda, apure na kupepeta ili upepo uchukue makapi, kisha ashuhudie gunia zima likitoa unga mchache kuliko alivyotumaini. Huu ni mwendo mrefu kwa mtu wa miaka 7. Lakini sala ya kutolea vipaji, inayoutaja mkate kuwa ni zawadi ya ardhi na kazi ya watu, haina haja ya kufafanuliwa kwa mtoto aliyeupita mwendo huo. Anajua ni ardhi ipi na ni kazi ya nani.

Kwetu sisi, hapa ndipo penye uzito wa historia hii yote, na tungependa kueleweka vizuri. Kuna wanaohofu kwamba kazi za mikono huishusha imani, kwamba mtoto akiisha kuushika unga ataiona Ekaristi kuwa chakula kama vyakula vingine. Tunaamini ni kinyume. Mtoto aliyeoka mkate ndiye anayejua vema kuliko wote kwamba tanuri halifanyi linalofanyika altareni. Ameufuata mkate hatua kwa hatua, hakuna hatua aliyofichwa, na katika hatua zote hizo mkate ulibaki mkate. Anapoambiwa kwamba juu ya altare, kwa maneno ya Kristo na nguvu ya Roho Mtakatifu, linatokea jambo ambalo mkono wa mtu hauwezi kulifanya, ana kipimo cha kupimia ukubwa wa jambo hilo. Asiyeshika unga kamwe hana kipimo. Kwake hostia imetoka katika kopo la sakristia, na yasiyoeleweka yako sawa yote. Hivyo ufundi ule haulielezi fumbo. Unamfikisha mtoto hadi kwenye mpaka wa yale yanayowezekana kwa mikono, na kumwacha pale amesimama. Tunadhani Pio X, aliyetaka watoto watofautishe mkate na mkate, angelipenda shamba lile.

Si Wakatoliki wote waliompenda Montessori. Wako waliomshuku kwamba imani yake kubwa juu ya wema wa mtoto imeisahau dhambi ya asili, na wengine waliona uhuru anaowapa watoto ni utovu wa nidhamu. Yeye aliendelea kuandika. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kidogo kwa Kiitalia kuhusu watoto wanaoishi ndani ya Kanisa, na mwaka 1932 kikatoka London kitabu chake cha kuwaeleza watoto Misa. Barcelona yenyewe haikumwacha atulie. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwezi Julai 1936, makanisa ya mji huo yalichomwa moto kwa wingi, mapadre wakauawa, na Montessori akaondoka kwa meli ya Waingereza. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki. Kwa upande wa katekesi, kazi yake ilionekana kama shamba lililoachwa.

Miaka miwili baadaye ikachipuka Roma. Mwaka 1954, mwaka ule ule Pio X alipotangazwa mtakatifu, mama mmoja alimwomba Sofia Cavalletti amfundishe dini mtoto wake wa miaka 7. Cavalletti, aliyezaliwa Roma mwaka 1917, alikuwa msomi wa Kiebrania na Maandiko Matakatifu, mwanafunzi wa Eugenio Zolli aliyewahi kuwa rabi mkuu wa Roma kabla ya kubatizwa mwaka 1945. Watoto hawakuwa fani yake. Alifungua Biblia, wakasoma na kuzungumza kwa muda wa saa mbili, na ulipofika wakati wa kurudi nyumbani mtoto akalengwa na machozi kwa sababu hakutaka kuondoka. Msomi yule akajiuliza amemwonyesha nini hata akalia. Akamtafuta Gianna Gobbi, mwalimu wa njia ya Montessori, nao wawili wakafanya kazi pamoja kwa takribani nusu karne, mpaka Gobbi alipofariki mwaka 2002. Cavalletti alimfuata mwezi Agosti 2011. Njia yao inaitwa Katekesi ya Mchungaji Mwema, nayo imeenea katika nchi nyingi. Wamisionari wa Upendo, masista wa Mama Teresa wa Kalkuta, ni miongoni mwa walioipokea.

Chumba wanachokitumia hakiitwi darasa. Montessori alikuwa amekipa jina la atriamu, yaani ukumbi wa mbele wa basilika za kale, mahali pa kujiandaa kabla ya kuingia. Ndani yake kuna meza ndogo ya altare yenye vitambaa, kikombe na kisahani chake, vichupa vya divai na maji, kisima kidogo cha ubatizo, mshumaa wa Pasaka, vyote vya kimo cha mtoto na vyote bila mapambo ya kupita kiasi. Vingi hutengenezwa na makatekista wenyewe kwa mbao, kitambaa na udongo, kwa kuwa anayekaa usiku akilainisha kondoo wa mbao kwa msasa hupata muda wa kuutafakari mfano wa Mchungaji Mwema kabla hajaufundisha.

Kuna zoezi moja ambalo, kwa maoni yetu, ni jibu la matendo kwa swali la mtoto wa mwaka 2005. Watoto huwa wamekwisha kuusikia mfano ulio katika sura ya 10 ya Injili ya Yohane, na wamewahamisha kwa mikono yao kondoo wa mbao wakitoka na kuingia zizini wakimfuata Mchungaji. Siku nyingine katekista huweka meza ndogo ya altare juu ya uwanja wa kijani, kama malisho. Mchungaji wa mbao husimamishwa juu ya altare, pamoja na mkate na divai, na kondoo huitwa mmoja mmoja wakaizunguka. Kisha katekista huinyanyua sanamu ya Mchungaji na kuiondoa. Hubaki mkate na divai, na kondoo hawatawanyiki. Baadaye kondoo nao huondolewa, na mahali pao huwekwa sanamu ndogo za watu, mmoja wao akiwa padre. Maneno yanayosemwa ni machache mno. Mtoto ameona kwa macho yake mkono ukiondoa kile kinachoonekana, na kundi likibaki pale pale kwa sababu Mchungaji hajaondoka.

Katika chumba hicho hicho mtoto wa miaka 5 huandaa kikombe. Humimina divai, kisha kwa uangalifu mkubwa hutia matone machache ya maji, na huachwa atazame. Maji yako wapi? Anaweza kujaribu kuyatoa? Hurudia kazi hiyo mara nyingi kadiri apendavyo, na hakuna anayemharakisha. Barua ya Sipriani, iliyoandikwa Kartago katika karne ya tatu, imemfikia mtu asiyejua kusoma.

Tuseme neno pia juu ya kazi za mikono zisizofaa, maana zipo. Kupaka rangi picha ya kikombe iliyochapwa tayari, kukata na kubandika karatasi ili mtoto apate kitu cha kupeleka nyumbani, kunawafanya watoto watulie na katekista apumzike, nasi hatulaumu hilo hata kidogo siku za mvua. Lakini hakuna kitu ambacho mtoto anakijua baada ya kazi hiyo ambacho hakukijua kabla yake. Ufundi unaofundisha ni ule ambao kitu chenyewe kinampinga mtoto kidogo: unga unaokataa kushikana mpaka uongezewe maji, mbegu isiyoota kwa haraka yetu, moto unaounguza. Kinachompinga ndicho kinachomfundisha.

Huku kwetu, mikono ya watoto na katekisimu vimekaa pamoja tangu mwanzo, lakini kwa namna nyingine. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kilimo, useremala na fani nyingine, pamoja na imani. Mikono ile ilijenga na kulisha misheni. Hata hivyo jembe lilikuwa na saa zake na katekisimu saa zake, na si haki kuiita kazi ile ya shamba katekesi. Baadaye, masista wa mashirika mbalimbali nchini Tanzania walianzisha chekechea za Montessori ambazo wengi wa waamini wetu wamewapeleka watoto wao. Ni ajabu kwamba tumeipokea sehemu ya kuhesabu shanga na kufunga vifungo, na sehemu ya ngano na zabibu tukaiacha, ilhali mwanamke yule aliziona kuwa ni kazi moja.

Makatekista wengine wametuuliza kama hakuna ubaya kutumia mahindi, kwa kuwa ndiyo mazao yetu. Jibu letu lina pande mbili. Kwa Misa hakuna mjadala: Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, inataka mkate uwe wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni, na divai iwe ya asili, tunda la mzabibu, isiyoharibika. Mkate waliouoka watoto kwa chachu na sukari utaliwa kwa furaha ukumbini baada ya Misa, wala usikaribie altare, na ni vema wakaelezwa sababu. Wakitaka kuandaa mkate wa altare wenyewe, waende kwa masista wanaooka hostia, waone unga na maji bila kingine chochote, na chuma cha moto kinavyoufanya kuwa karatasi ile nyeupe wanayoishangaa. Ila kwa kujifunza kifo na uzima wa mbegu, hindi ni mbegu halali kabisa, na watoto wa vijijini wanaweza kutufundisha sisi. Hata hivyo tungeshauri ngano pale inapopatikana. Nyanda za Hanang na Makete zinailima, na punje chache zisizokobolewa hazina gharama. Zabibu tunazo Dodoma. Kishada kimoja kikikamuliwa kwa mikono ndani ya bakuli kinatosha kwa watoto kumi kuona rangi inatoka wapi.

Anayetaka kuanza kwa jambo dogo, atafute makopo manne na udongo. Katika kopo la kwanza watoto wapande punje kadhaa za ngano, na baada ya siku nne wapande katika la pili, na vivyo hivyo hadi la nne, ili wakati kopo la mwisho linapandwa, la kwanza liwe na majani. Katekista asome mbele yao aya ya 24 ya sura ya 12 ya Injili ya Yohane, pale Bwana anapozungumza juu ya chembe ya ngano iangukayo katika nchi. Kisha kila kopo ling'olewe mche mmoja, watoto wakianza na ule mchanga kabisa, ambao punje yake bado nzima na imetoa mzizi kama uzi tu, wakaendelea hadi ule mkubwa kuliko yote. Wauoshe taratibu kwa maji ili udongo utoke kwenye mizizi, na waitafute ile punje waliyoipanda. Watakuta ganda tupu, laini, linalopasuka vidoleni. Katekista asiseme neno hapo. Awaache wautazame mche, wapekue tena mizizi, na waulizane wao kwa wao punje imekwenda wapi.